Kitindamlo cha tufaha moto: Siri ni joto, si mtambo

ENEO la Kachibora katika Kaunti ya Trans Nzoia linafahamika zaidi kwa mahindi na maziwa kuliko kwa vyakula vitamu vya kutindia mlo. Katika nyumba nyingi za sehemu hiyo, mlo hukamilishwa kwa kikombe cha chai au gilasi ya maziwa lala, na tunda huliwa bichi likipatikana.

Hata hivyo, mambo mawili yamekutana jikoni katika miaka ya karibuni. Kwanza, baadhi ya wakulima wa nyanda za juu za Kenya wamepanda mitufaha kando ya mahindi yao. Pili, kikaangio cha hewa, kile kifaa cha umeme ambacho wauzaji hukiita eafraya, kimeingia katika maduka ya vyombo vya nyumbani mijini.

Kutokana na hayo, kuna kitindamlo kimoja ambacho mpishi wa kawaida anaweza kukiandaa kwa muda wa dakika 20 hivi: nusu za tufaha zilizookwa hadi zikalainika, zikajazwa karanga, siagi na sukari guru, na kuliwa zingali moto.

Swali ambalo familia inapaswa kujiuliza kabla ya kutoa fedha zake ni hili: Je, kifaa hicho hufanya kazi gani hasa, na je, chakula hiki hakiwezekani bila hicho? Jibu lake linaweza kumwokolea mtu pesa nyingi, hasa katika miezi ambayo mapato ya mahindi yanagombaniwa na karo, mbolea na mbegu.

Jina lisilolingana na kazi

Kikaangio cha hewa kilipata umaarufu duniani baada ya kampuni ya Philips ya Uholanzi kukizindua katika maonyesho ya vifaa vya umeme jijini Berlin, Ujerumani, mwaka wa 2010. Teknolojia yake ilitokana na kazi ya mvumbuzi Mholanzi, Fred van der Weij. Tangu hapo kampuni nyingi zimeunda vifaa vya aina hiyo, na vingi vyao ni vya bei nafuu kuliko kile cha mwanzo.

Licha ya jina lake, kifaa hiki hakikaangi. Ndani yake, upande wa juu, mna koili ya umeme inayopata moto, na juu ya koili hiyo mna feni. Feni husukuma hewa ya moto kwa kasi kuzunguka kikapu chenye matundu ambamo chakula kimewekwa. Kwa ufupi, hicho ni tanuri dogo lenye feni.

Udogo huo ndio faida yake kuu. Tanuri la kawaida la umeme lina nafasi kubwa inayopaswa kupashwa moto kwanza, na huenda likachukua dakika 10 hadi 15 kabla ya kuwa tayari. Kikaangio cha hewa huwa tayari kwa takriban dakika tatu, na kwa kuwa hewa yake haitulii, joto hupenya katika chakula upesi zaidi.

Tangazo linalosema kwamba kifaa hiki ni cha afya kwa sababu hakitumii mafuta lina ukweli linapolinganishwa na chipsi zilizotumbukizwa katika karai la mafuta. Kwa tufaha, tangazo hilo halina uzito. Tufaha la kuokwa halijawahi kuhitaji mafuta mengi. Linalohitaji kuangaliwa katika kitindamlo hiki ni sukari.

Tunda lenyewe

Wasomaji wa Pwani hulijua tunda jingine linaloitwa tofaa, jekundu, lenye umbo kama kengele na maji mengi. Hilo si tunda linalozungumziwa hapa. Tufaha la makala haya ni lile la mviringo linalouzwa vibandani na katika maduka makubwa, ambalo asili yake ni milima ya Tian Shan katika Asia ya Kati. Sehemu kubwa ya matufaha yanayouzwa nchini huagizwa kutoka nje, hasa Afrika Kusini.

Mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Aina nyingi za Ulaya huhitaji mamia ya saa za baridi kali, mara nyingi 800 au zaidi, ndipo machipukizi yake yaamke na kutoa maua. Ndiyo sababu kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mti huu hauwezi kuzaa vyema karibu na Ikweta.

Hali ilibadilika kwa kupatikana kwa aina zinazohitaji baridi kidogo. Miongoni mwazo ni Anna, iliyotoka Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka katika visiwa vya Bahama. Aina hizi mbili hupandwa pamoja kwa sababu chavua ya Dorsett Golden husaidia Anna kuzaa. Nchini Kenya kuna pia aina iitwayo Wambugu, iliyoenea kutoka Laikipia. Katika baadhi ya nchi za joto, kama vile Indonesia, wakulima hupukutisha majani ya mitufaha kwa mkono ili kuulazimisha mti utoe maua.

Mji wa Kitale uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kachibora, iliyo mashariki mwake, inaelekeana na milima ya Cherangani ambayo vilele vyake hupita mita 3,000. Usiku wa huko una ubaridi unaofaa aina hizo.

Mkulima wa matunda, hata hivyo, ana tatizo ambalo mkulima wa mahindi halijui. Gunia la mahindi likianguka halipotezi thamani, lakini tufaha likidondoka chini hupondeka, na mnunuzi hulikataa. Hapa ndipo upishi unapopata maana. Tunda lililopondeka upande mmoja haliuziki sokoni, lakini jikoni ni zima: sehemu iliyogeuka rangi hukatwa, na iliyobaki huokwa.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kupondeka si kuoza. Tunda lililoota ukungu linafaa kutupwa lote, kwa kuwa ukungu wa matufaha unaweza kutengeneza sumu iitwayo patulini, ambayo huenea ndani ya nyama laini ya tunda kupita pale panapoonekana kwa macho. Kukata sehemu yenye ukungu pekee hakutoshi, na kuoka hakuiondoi sumu hiyo yote.

Kuchagua tufaha la kuoka

Si kila tufaha hustahimili moto. Yaliyo magumu na yenye uchachu ndiyo bora, kwa sababu hulainika bila kusambaratika, na uchachu wake huupunguza utamu wa sukari. Tufaha la kijani liitwalo Granny Smith, ambalo lilianzia Australia katika karne ya 19, ndilo linalofahamika zaidi kwa kazi hii.

Mwenye matufaha mekundu yaliyo matamu asikate tamaa. Apunguze sukari, aongeze ndimu, na apunguze muda wa kuoka kwa dakika mbili au tatu. Tufaha lililokaa muda mrefu hadi likawa kama unga mdomoni linafaa zaidi kupikwa rojo katika sufuria.

Mahitaji kwa watu wanne

• Matufaha 2 ya wastani, magumu
• Ndimu nusu
• Siagi vijiko 2 vya mezani
• Sukari guru iliyokunwa, vijiko 2 vya mezani
• Karanga zilizokaangwa na kupondwa, vijiko 3 vya mezani
• Unga wa ngano, vijiko 2 vya mezani
• Mdalasini wa unga, nusu kijiko cha chai
• Iliki punje 2, zilizotwangwa
• Chumvi, chembe kidogo

Takriban kila kitu katika orodha hii hupatikana kwa urahisi. Ngano hukuzwa Trans Nzoia na Uasin Gishu, karanga ni zao la kawaida magharibi mwa Kenya, na sukari guru hutengenezwa katika maeneo ya miwa kama Bungoma na Kakamega. Sukari guru hubaki na asali ya muwa, na hivyo huleta ladha nzito na rangi ya hudhurungi ambayo sukari nyeupe haina. Asiyeipata atumie sukari ya kawaida.

Hatua za kufuata

Osha matufaha, yakate katikati, na uondoe kitovu chenye mbegu kwa kijiko ili kubaki na shimo dogo katika kila nusu. Usimenye ganda. Ganda ndilo linaloshikilia tunda lisibomoke linapolainika. Kata kipande chembamba mgongoni mwa kila nusu ili iweze kukaa wima bila kuyumba.

Pakaza ndimu kwenye sehemu iliyokatwa. Tufaha likikatwa, vimeng'enya vilivyomo hukutana na hewa na kuligeuza rangi kuwa kahawia. Asidi ya ndimu huchelewesha badiliko hilo.

Washa kikaangio kwa nyuzijoto 170 na ukiache kwa dakika tatu. Pakaza nusu za tufaha siagi kidogo, zipange ndani ya kikapu sehemu iliyokatwa ikitazama juu, na uzioke kwa dakika nane bila kujaza chochote.

Hatua hii ndiyo ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu mapishi yao. Nyama ya tufaha ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na huchukua muda kupata moto hadi katikati. Sukari na karanga zilizo juu, karibu kabisa na koili, huungua mapema. Aliyejaza kila kitu tangu mwanzo hupata kitindamlo kilichoungua juu na kibichi ndani. Haraka haraka haina baraka.

Wakati tufaha linaiva, changanya siagi iliyobaki, sukari guru, unga, karanga, mdalasini, iliki na chumvi. Vuruga kwa vidole hadi mchanganyiko uwe kama makombo yaliyoshikana. Ni muhimu makombo hayo yashikane kwa siagi, kwa sababu feni ina nguvu na hupeperusha viungo vikavu. Mdalasini ulionyunyizwa juu pekee huishia kwenye koili, ambako huungua na kutoa moshi.

Vuta kikapu, jaza mchanganyiko katika kila shimo huku ukiubonyeza kidogo kwa kijiko, na urudishe kwa dakika sita hadi nane. Anza kuangalia baada ya dakika ya tano, kwa kuwa vifaa havifanani.

Tufaha limeiva iwapo uma unapenya upande wake bila kusukumwa kwa nguvu, na makombo yamekuwa ya rangi ya hudhurungi. Liache litulie kwa dakika tano kabla ya kuandaa. Sukari iliyoyeyuka hushika ngozi na huunguza vibaya kuliko maji moto, na watoto ndio huwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Linalotokea ndani ya joto

Mpishi anayeelewa kinachotendeka ndani ya kikapu hahitaji kukariri dakika. Kuna mambo mawili. La kwanza ni kulainika. Chembechembe za tufaha zimeunganishwa na pektini, ile ile inayofanya jemu igande. Joto huilegeza pektini, na tunda likawa laini.

La pili ni kubadilika rangi na kutoa harufu nzuri. Hili hufanyika pale tu ambapo maji yamekauka, kwa sababu sehemu yenye unyevunyevu haiwezi kupita joto la maji yanayochemka. Protini na sukari zilizo katika karanga, unga na siagi huanza kugeuka hudhurungi kwa kasi karibu na nyuzijoto 140. Hewa inayopulizwa na feni hukausha upande wa juu upesi, na ndiyo sababu makombo hukauka na kuwa magumu huku tufaha likibaki na majimaji.

Hapo pia mwinuko wa Trans Nzoia una la kusema. Mombasa, maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Katika mwinuko wa mita 1,900, huchemka kwa takriban nyuzijoto 94, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo. Kwa hivyo, ndani ya tufaha linalookwa Kachibora joto hukomea karibu na 94, hata kama kidhibiti kimewekwa 170. Mpishi anayefuata muda uliopimwa mahali pa chini anaweza kuhitaji kuongeza dakika mbili hivi. Asiongeze joto, maana kufanya hivyo huunguza juu tu.

Gharama ya umeme

Vikaangio vingi vya nyumbani hutumia wati 1,400 hadi 1,700. Kifaa cha wati 1,500 kikiwaka mfululizo kwa dakika 20 hutumia nusu ya uniti ya umeme. Iwapo uniti moja inamgharimu mteja Sh30, basi nusu nne za tufaha zimeokwa kwa Sh15. Kwa kawaida gharama huwa chini ya hapo, kwa kuwa koili huzimika na kuwaka yenyewe joto linapofikia kiwango.

Familia ya watu wanane itaoka mara mbili, kwani nusu zikibanana hewa haipiti, na kilichobanana hupikika kwa mvuke badala ya kuokwa.

Kifaa hiki kichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Kebo nyembamba ya nyongeza inayobeba pia birika la umeme inaweza kupata moto na kusababisha hatari. Vilevile, mitambo midogo ya sola iliyoundwa kwa taa na kuchaji simu haiwezi kukiendesha. Kikapu kioshwe kwa sponji laini, si kwa waya wa kusugulia sufuria, ili utando wake usibambuke.

Asiye na kifaa afanyeje?

Hakuna sababu ya familia kununua kikaangio cha hewa kwa ajili ya tufaha pekee. Mbinu ambayo wapishi wa Kenya wametumia kwa muda mrefu kuokea keki kwa jiko la makaa inatosha.

Weka mchanga safi au vijiwe ndani ya sufuria kubwa, kisha uiteleke juu ya makaa machache kwa dakika 10. Panga nusu za tufaha katika sufuria ndogo iliyopakwa siagi, uiweke juu ya mchanga, funika sufuria kubwa, na uweke makaa mengine juu ya kifuniko. Baada ya dakika 20, jaza mchanganyiko, ufunike tena na kuongeza makaa mapya juu. Dakika 10 hadi 15 zaidi zitatosha.

Makaa ya juu hufanya kazi ya koili, na mchanga huzuia upande wa chini usiungue. Kinachokosekana ni feni, na hivyo muda huwa mrefu na makombo huwa laini kidogo. Jiko la makaa liwashwe nje au mahali penye madirisha wazi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua.

Jinsi ya kuandaa

Tufaha moto hupendeza likiandamana na kitu baridi. Maziwa lala yaliyo mazito, au utando unaoengulikiwa juu ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa, yanafaa kuliko krimu ya mkebe. Uchachu wa maziwa lala huupunguza utamu wa sukari guru.

Kuhusu sukari, hesabu ni rahisi. Gramu 100 za tufaha zina takriban gramu 10 za sukari ya asili, hivyo tunda la gramu 180 lina kiasi kinachokaribia vijiko vinne na nusu vya chai. Tofauti ni kwamba sukari hiyo huja pamoja na nyuzinyuzi, hasa ganda lisipomenywa. Kwa anayeishi na kisukari, sukari guru si dawa wala si mbadala salama, kwani mwilini hufanya kazi kama sukari nyingine. Anaweza kuiacha kabisa, akaongeza karanga na mdalasini, na kula nusu moja kama sehemu ya mlo alioupangiwa na mhudumu wa afya.

Kilichobaki kinaweza kuhifadhiwa kwenye friji kwa siku mbili au tatu na kupashwa moto kwa dakika nne kwa nyuzijoto 160. Pasipo friji, ni heri kuoka kinachotosha mlo mmoja. Matufaha mabichi yaliyosalia yawekwe mahali penye ubaridi na kivuli, yakitenganishwa na yale yaliyopondeka, kwa kuwa tunda linaloharibika hutoa gesi ya ethilini ambayo huharakisha kuiva na kuharibika kwa mengine yote yaliyo kapuni.